Barua ya wazi kwa Benki Kuu: mama yangu anaomba sarafu yenye pembe

Moshi, Juni 2025

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, na wote mnaokaa mezani pale sarafu mpya inapochorwa.

YAH: SHILINGI MIA MBILI IWEKEWE PEMBE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuza duka hapa Mbuyuni, Moshi. Huko Dar es Salaam kila muuza duka ni Mangi hata kama katokea Makete, lakini huku kwetu Mangi alikuwa chifu, kwa hiyo wateja wangu hawanipi cheo hicho. Wananiita Mzee Sina Chenji. Jina nimelistahili, nitalieleza mbele.

Mama yangu ana miaka 81 na anauza ndizi hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Mshare, kisukari, na ndizi za kupika kwa wanaotaka mtori. Presha ya macho imelimaliza jicho la kushoto, na la kulia limebaki la kujua kwamba mtu amesimama mbele yake au jua limezama. Tumemwomba apumzike nyumbani, hataki. Anasema kukaa kihambani, shamba letu la nyumbani, kusikiliza kuku ndiko kunakoua wazee. Basi kila asubuhi namshika mkono hadi kwenye kigoda chake, na jioni tunafungua pindo la khanga tunahesabu.

Jioni hesabu haitimii. Leo imepungua mia tano, kesho mia sita, siku ya soko kubwa mia nane. Mwanzoni nilimshuku mtoto wa jirani anayembebea mikungu, Mungu anisamehe. Nikakaa naye siku nzima nikimwangalia anavyotoa chenji, nikaona. Mteja ananunua kisukari cha mia nane, anatoa buku, anadai mia mbili. Mama anapapasa kwenye pindo, anatoa sarafu mbili akiamini ni mia mia, kumbe moja ni mia mbili. Wengine wanarudisha. Wapo waliorudi kutoka stendi kabisa, wamekwisha lipa nauli, kuja kumrudishia bibi mia yake. Wengine hawarudishi, na siwalaumu sana, maana hata wao hawakuangalia, wameitia mfukoni wakaondoka.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Nikaona ndiyo nafasi ya kumjaribu, na kujijaribu mwenyewe. Nikaweka kwenye sahani ya bati sarafu nne za mia, nne za mia mbili, na mbili za mia tano, yaani jero, nikazichanganya. Jero hatukukosea, wala mimi wala yeye: ni kubwa, ni nzito, inajitangaza yenyewe kiganjani. Zile nane zilizobaki ndizo zilizotuaibisha. Mimi mwenye macho mazima, gizani, nilikosea tatu. Mama alikosea nne. Mtu aliyekosea nne kati ya nane angeweza kupata matokeo hayo hayo kwa kubahatisha bila kuzigusa.

Hapo nikaenda kuchukua kopo langu. Nakusanya sarafu tangu nikiwa darasa la tano. Nyingine nimezipanga chini ya kioo cha kaunta, wateja wanazisoma wakisubiri sukari ipimwe. Nikamwekea mama za zamani kumi kwenye sahani ile ile, gizani vile vile. Akachukua ya kwanza, akaizungusha mara moja kwa kidole gumba. "Ndururu." Ni senti tano ya mwaka 1966, ile ya samaki sulisuli, yenye pembe kumi na mbili. Ya pili ina ukingo wa mawimbi kama petali za ua: "Senti kumi ya pundamilia." Hiyo ilitoka mwaka 1977. Ya tatu akacheka kabla hajaizungusha. "Dala hii." Shilingi tano ya pembe kumi, ile ambayo nauli ya mjini ilipofika bei yake, makonda wakaiimba hadi gari lenyewe likaitwa daladala. Ishirini ya tembo aliitambua kwa pembe zake saba. Ya tundu hakuhangaika nayo: "Ya mkoloni, tulikuwa tunazitunga kwenye uzi." Kwenye senti ishirini ya mbuni na sumni, yaani senti hamsini, ya sungura alisita kidogo, maana zote mbili ni duara, lakini zimepishana ukubwa, akazipata. Kumi kwa kumi. Miaka mingi hajazishika.

Ndugu zangu wa Benki Kuu, hayo ndiyo niliyotaka mjue, na mengine yote kwenye barua hii ni maelezo. Sarafu za kwanza za nchi hii zilijulikana kwa mkono. Leo mfukoni mwa Mtanzania kuna mia, mia mbili na mia tano, duara zote tatu. Iliyobaki na pembe ni hamsini, yule faru na mwanawe wa mwaka 1996, na hamsini yenyewe siku hizi kuiona dukani ni kama kumwona huyo faru porini.

Sikuja kulia kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Kubadilika kwa sarafu nakujua vizuri, kwa sababu ninazo hapa chini ya kioo. Chukueni shilingi moja peke yake. Ile ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921, ya simba na milima nyuma yake, robo yake ilikuwa fedha halisi. Kufika 1948 fedha imeondolewa, shilingi ikawa shaba iliyochanganywa na nikeli. Benki yenu ilipofungua milango mwaka 1966 na kutoa shilingi yetu wenyewe, kichwa cha Mwalimu upande mmoja na mkono ulioshika Mwenge upande wa pili, madini yalikuwa hayo hayo ya shaba na nikeli. Halafu 1987 ikaja shilingi yenye sura ya Mzee Mwinyi, na ndani yake ni chuma kilichovishwa nikeli.

Hapo kaunta nina sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Watoto wanaipenda kuliko pipi. Shilingi ya 1966 ukiipitishia sumaku, haina habari. Ya 1987 inaruka "ta!" na kung'ang'ania. Mia ya Mwalimu na swala, inaruka, maana ni chuma kilichopakwa shaba ya manjano juu. Jero ya nyati, inaruka. Mia mbili ya Karume na simba wawili, ile ya 1998, imelala tu, ni shaba, nikeli na zinki. Ona basi ajabu hii: mia na mia mbili, zinazomchanganya mama yangu kila siku, sumaku ya spika mbovu inazitofautisha mara moja. Kidole cha binadamu ndicho kilichosahauliwa.

Sababu za chuma nazielewa, wala sihitaji semina. Shilingi ya 1966 ilikuwa na thamani. Dola moja ilikuwa shilingi saba na senti kumi na nne. Leo dola ni zaidi ya shilingi elfu mbili. Huwezi kutengeneza sarafu ya mia kwa shaba na nikeli tupu halafu fundi wa gereji aone ni nafuu kuitoboa kuwa washa kuliko kununua washa dukani. Nimeona hayo kwa macho yangu, shilingi ya Mwenge imefungwa kwenye bolti ya toroli. Waingereza nao walivisha senti zao ndogo chuma mwaka 1992. Na Wajerumani walipobanwa vitani mwaka 1916 waligonga sarafu Tabora, kwenye karakana ya reli, za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke, zikiwa na tembo aliyeinua mkonga. Wakati huo huo wakagonga na za shaba ya manjano, yoyote iliyopatikana. Jina la sarafu yao ndogo bado tunalo mdomoni kila siku, hela, ingawa sarafu zenyewe wanazo wakusanyaji tu. Madini hufuata hali ya nchi. Hilo halina ubishi.

Lakini chuma kina tabia zake, nazo mzijue. Mwaka juzi tulichimba shimo la kupanda mgomba kihambani. Zikatoka shilingi mbili, moja ya 1966, nyingine ya 1987. Ya kwanza niliisugua kwa kidole na mate, Mwenge ukaonekana wote, hadi vidole vilivyoushika. Ya pili ilikuwa imevimba ukingoni, rangi ya udongo wetu, nikeli imebanduka kama rangi ya mlango. Nayo ni changa kuliko mwenzake kwa miaka ishirini na moja. Na hamsini za faru zilizozunguka sana, rangi ya manjano ikisha kuchubuka, zinatoa kutu mfukoni, hasa kwa wauza samaki na wauza chumvi. Sarafu ikiota kutu, picha inakufa kwanza. Umbo ndilo linalokufa mwisho. Kwa hiyo mkitumia chuma, na mtatumia, umbo ndilo la kutegemea kuliko mchoro. Pembe hazina bei ya madini.

Michoro yenu naipenda, nisieleweke vibaya. Ninayo ile dala ya 1978, iliyotolewa mwaka mkutano wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa kanda ya Afrika ulipofanyika hapo Arusha. Naionyesha kila Mwarusha anayeingia dukani kujidai na jiji lake. Mwenge wa kwenye shilingi naueleza kwa watoto wa shule kama jambo la jirani, maana Mwenge ulipandishwa kileleni Kibo usiku wa Uhuru, na mlima wenyewe ukikubali asubuhi unaonekana kutoka hapa mlangoni. Wakenya mwaka 2018 waliondoa sura za marais kwenye sarafu zao kwa sababu Katiba yao ya 2010 imekataza, wakaweka twiga, faru, simba na tembo. Zikivuka Namanga kuja huku, watoto wanadhani ni zetu. Wamarekani kati ya 1999 na 2008 walitoa sarafu ya robo dola kwa kila jimbo, tano kila mwaka, na watu wakazitafuta kwenye chenji zao kama wanaotafuta vocha yenye zawadi. Sisi tuna mikoa 31. Mkitaka kufanya hivyo sitakataa, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni ya tawi lenu la Arusha. Lakini ukinipa nafasi ya kuchagua kati ya picha 31 mpya na pembe saba kwenye mia mbili, nachukua pembe.

Wenye nchi kubwa wamekwisha kulifikiria jambo hili, wala si siri. Mwaka 2017 Uingereza ilipobadili pauni yake, iliacha duara ikaweka pembe kumi na mbili, idadi ile ile ya ndururu yetu. Senti hamsini yao ina pembe saba tangu 1969, na imechongwa kwa ujanja kwamba ukiipima upana upande wowote haibadiliki, kwa hiyo hata mashine inaipokea. Nasema hivi kwa sababu najua kuna mtu mezani kwenu atasema pembe zinasumbua mashine. Hapa Mbuyuni mashine ya kupokea sarafu ni mama yangu. India mwezi Machi 2019 walizindua sarafu zilizotengenezwa makusudi kwa kuwafikiria wasioona: zinapanda ukubwa na uzito kadiri thamani inavyopanda, na ya rupia ishirini ina pembe kumi na mbili. Senti ishirini ya Ulaya ina vikato saba ukingoni. Kidole kinavihesabu bila kuuliza jicho.

Sasa wakati wenyewe. Mwaka huu mmemaliza kazi ya noti za zamani. Kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili tulibadilishana noti za 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya mia tano ya 2010. Mama alikuwa nazo sita za mia tano kwenye godoro, nikampelekea benki. Tangazo lilikuwa wazi, redio ilisema, kanisani lilisomwa, hilo nawapongeza. Maana yake lakini ni kwamba chini ya elfu moja, biashara yote ya mtu mdogo imebaki kwenye sarafu. Mlipoileta jero ya chuma mwaka 2014 mlisema noti yake ilikuwa inachakaa haraka kwa kuzunguka sana mikononi, na kweli, tuliikuta imechanika imefungwa selotepu. Jero mkaiwekea alama inayobadilika ukiigeuza kwenye mwanga, isighushiwe. Alama hiyo ni ya jicho. Kwa mkono mliiongezea ukubwa na uzito, nayo nimekwisha kuisifu. Mngeifikiria mia mbili hivyo hivyo.

Nimeahidi kueleza jina langu. Hamsini zilipoadimika, mtu akinidai hamsini nampa pipi. Ndiyo, nampa pipi, na nafahamu si halali. Bei zangu nyingine nimezipandisha hadi mia kamili ili nisidaiwe. Zile tano, kumi na ishirini zilikufa hivyo hivyo, bila tangazo na bila matanga. Siku moja tu kila mtu akaacha kuzipokea. Noti zimeagwa kwa miezi mitatu, sarafu haikuagwa hata siku moja. Ishirini ya tembo ninazo kama arobaini kwenye kopo, mteja mmoja alinilipia nazo kiberiti kwa utani, nikapokea kwa sababu mimi ni mkusanyaji. Mangi mwingine angemfukuza. Kama mmeamua hamsini nayo ife, tuambieni, tuizike vizuri. Kama haijafa, tuleteeni, kwa sababu mama yangu hajawahi kuikosea.

Ataondokea mtu kusema: mzee, dunia iko kwenye simu, lipa namba, sarafu za nini? Ninayo lipa namba, imebandikwa hapo mlangoni. Mteja akimlipa mama kwa simu yangu, ujumbe unaingia kwangu, yeye anauliza "imeingia?" nami naitikia "imeingia", na kama niko stoo ananyamaza mteja anaondoka. Mtu aliyeuza maisha yake yote anataka kuishika fedha yake. Na ndizi ya mia mbili, mkiondoa makato, sijui inabaki ya bei gani.

Ombi langu ni moja. Mara nyingine mnapoagiza mia mbili, na mnajua wenyewe ni lini, iagizeni ikiwa na pembe. Saba, kumi, kumi na mbili, chagueni ninyi. Isiwe duara inayolingana na mia. Na kabla hamjasaini oda, chukueni vielelezo vichache, msiviweke kwenye kioo cha maonyesho, vileteni huku. Hapa Moshi kuna Shule ya Msingi Mwereni, inasomesha watoto wasioona. Wapeni watoto hao sahani ya sarafu kwa nusu saa. Watawaambia kitu ambacho mchoraji wa kompyuta hatakiona, na watawaambia bure. Halafu mje Mbuyuni, Jumanne au Ijumaa, kuna mzee mmoja wa kike mwenye khanga amekaa kwenye kigoda. Nunueni kisukari. Msimwambie mmetoka wapi, atakataa kupokea fedha yenu, nanyi mnahitaji awape chenji.

Kopo langu nitalileta mkitaka kuliona, nipo tayari kupanda basi la Arusha. Siliuzi. Ndururu za 1966 ninazo nne, moja nitawaachia mezani, ili kwenye kikao mtu akisema pembe haziwezekani apewe aishike huku amefumba macho.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuza duka, Mbuyuni, Moshi

Nakala: Mkurugenzi wa Tawi, Benki Kuu, Arusha.
Nakala: Mama. Nitamsomea jioni, tukishamaliza kuhesabu.